Ishara za mikono: Lugha bubu iliyowatia tumbojoto watawala

MNAMO Agosti 21, 2016, Wakenya wengi walikuwa wamekodoa macho mbele ya runinga zao wakimtazama Eliud Kipchoge akikata utepe wa mbio za marathoni katika Michezo ya Olimpiki jijini Rio de Janeiro, Brazil. Kipchoge alitumia muda wa saa 2, dakika 8 na sekunde 44, na furaha ikatanda kote nchini. Dakika moja na sekunde 10 baadaye, Mwethiopia Feyisa Lilesa aliwasili wa pili. Kinyume na ilivyo desturi ya wanariadha, Lilesa hakujipigapiga kifua wala kupunga bendera ya taifa lake. Aliinua mikono yake yote miwili juu ya kichwa na kuipishanisha mfano wa herufi X, kana kwamba ametiwa pingu.

Kwa mtazamaji asiyejua yaliyokuwa yakitendeka nchini Ethiopia, hayo yalikuwa madaha ya mshindi tu. Lakini kwa watu wa jamii ya Oromo, na vilevile kwa serikali iliyokuwa mamlakani jijini Addis Ababa, ujumbe ulikuwa wazi kama mchana. Hiyo ndiyo ishara waliyokuwa wakiitumia waandamanaji wa Oromo tangu Novemba 2015, walipoanza kupinga mpango wa kupanua mipaka ya jiji kuu hadi katika mashamba yao. Kwa mujibu wa ripoti ya shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch iliyotolewa Juni 2016, zaidi ya watu 400 walikuwa wamekwisha kuuawa na maafisa wa usalama kufikia wakati huo.

Lilesa aliirudia ishara hiyo alipokabidhiwa nishani yake ya fedha na alipozungumza na wanahabari. Aliwaambia kwamba akirejea kwao huenda akauawa au akafungwa. Ijapokuwa serikali ilitangaza kwamba angepokewa kwa heshima, mwanariadha huyo hakupanda ndege ya kurudi nyumbani. Aliishia Marekani, na ikamchukua miaka miwili kabla ya kukanyaga tena ardhi ya nchi yake.

Kisa hicho ni kimoja tu katika historia ndefu ya matumizi ya mikono, viganja na vidole katika kupinga dhuluma za kisiasa. Ni historia inayowahusu Wakenya pia, kwani humu nchini kulikuwa na wakati ambapo idadi ya vidole alivyoinua mtu ilitosha kumtambulisha kuwa rafiki au adui wa serikali.

Ishara ya mkono ni nini?

Ishara ya mkono ni umbo au mwendo wa mkono unaobeba maana inayofahamika na kundi fulani la watu. Binadamu huzitumia ishara za aina hii kila siku: kupunga mkono kumwaga mgeni, kunyoosha kidole gumba kuashiria kwamba mambo ni shwari, au kutikisa kidole cha shahada kumwonya mtoto mtundu. Ishara huwa ya kisiasa pale kundi la watu linapokubaliana, kwa kusema au kwa kuigana tu, kwamba umbo hilo litasimamia msimamo wao kuhusu utawala.

Kuna sababu kadhaa zinazoifanya ishara kuwa chombo mwafaka kwa wanyonge. Kwanza, haina gharama. Bango huhitaji karatasi na rangi, na kipaza sauti huhitaji umeme, ilhali mkono kila mtu anao. Pili, polisi wanaweza kunyakua bango au kupokonya bendera, lakini hawawezi kuwapokonya watu vidole vyao. Tatu, ishara huvuka mipaka ya lugha. Aliye mbali na asiyeelewa wimbo wa waandamanaji ataiona ngumi na kuifahamu. Nne, huonekana vyema katika picha, na picha moja ya gazeti au runinga yaweza kuzunguka dunia nzima kwa siku moja. Tano, hutolewa na kukunjwa kwa haraka, kabla ya askari kugeuka.

Ngumi iliyokunjwa

Ishara kongwe na maarufu zaidi ya upinzani katika enzi hizi ni ngumi iliyokunjwa na kuinuliwa juu. Ilikita mizizi katika vyama vya wafanyakazi na vya mrengo wa kushoto barani Ulaya. Nchini Ujerumani, wanachama wa kundi la Kikomunisti lililoundwa mwaka wa 1924 waliitumia kama saluti yao katika miaka ambayo wafuasi wa Adolf Hitler walikuwa wakinyoosha mkono wazi. Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe nchini Uhispania, kati ya 1936 na 1939, ngumi ilikuwa saluti ya waliotetea jamhuri dhidi ya majeshi ya Jenerali Francisco Franco.

Maana yake si vigumu kuifahamu. Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Vidole vitano vikitengana kila kimoja ni dhaifu, lakini vikikunjwa pamoja huwa kitu kimoja chenye nguvu. Ndiyo maana ngumi ikawa kielelezo cha umoja wa walio wengi na wasio na mali.

Barani Afrika, ngumi inakumbukwa zaidi kutokana na tukio la Februari 11, 1990. Siku hiyo Nelson Mandela alitoka katika gereza la Victor Verster, karibu na mji wa Paarl nchini Afrika Kusini, akiwa ameshikana mkono na mkewe wa wakati huo, Winnie, baada ya kifungo cha miaka 27. Kabla hajatamka neno lolote hadharani, aliinua ngumi yake. Ulimwengu ukajua kwamba gereza halikuwa limemvunja moyo.

Jukwaa la Mexico, 1968

Itakumbukwa kwamba michezo ya Olimpiki ya mwaka wa 1968 jijini Mexico ndiyo iliyowatangaza wanariadha wa Kenya duniani. Naftali Temu alishinda mbio za mita 10,000, Amos Biwott akashinda za kuruka viunzi na maji, naye Kipchoge Keino akatwaa dhahabu ya mita 1,500. Hata hivyo, picha iliyodumu zaidi kutoka michezo hiyo si ya mbio zozote. Ni ya wanaume watatu waliosimama kimya jukwaani.

Mnamo Oktoba 16, 1968, Tommie Smith wa Marekani alishinda mbio za mita 200 kwa rekodi ya dunia ya sekunde 19.83. Mwenzake, John Carlos, alikuwa wa tatu. Wimbo wa taifa lao ulipoanza kupigwa, Wamarekani hao weusi waliinamisha vichwa na kuinua ngumi zilizovikwa glavu nyeusi, Smith mkono wa kulia na Carlos wa kushoto. Sababu ya tofauti hiyo ni nyepesi: Carlos alikuwa amesahau glavu zake, hivyo wakagawana jozi moja. Walipanda jukwaani bila viatu, wakiwa na soksi nyeusi tu, ili kuashiria ufukara wa watu weusi. Carlos alivaa shanga kuwakumbuka weusi waliouawa kwa kunyongwa na makundi ya wazungu.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, iliyoongozwa na Mmarekani Avery Brundage, ilighadhabika. Smith na Carlos waliondolewa katika timu na kuamrishwa kutoka katika kijiji cha wanariadha. Wakosoaji hawakukosa kukumbusha kwamba katika Olimpiki za Berlin mwaka wa 1936, Brundage akiwa mkuu wa kamati ya Olimpiki ya Marekani, hakuona tatizo lolote katika saluti ya Kinazi. Wawili hao walirejea nyumbani na kupokewa kwa vitisho vya kuuawa na ukosefu wa ajira.

Aliyesahaulika kwa muda mrefu ni yule mzungu aliyesimama mbele yao, Peter Norman wa Australia, mshindi wa nishani ya fedha. Yeye hakuinua mkono, lakini alibandika kifuani beji ile ile waliyovaa wenzake ya vuguvugu la wanariadha la kutetea haki za binadamu. Hakuteuliwa katika kikosi cha Australia cha Olimpiki za 1972, na hadi leo watu hubishana iwapo beji hiyo ndiyo iliyomponza. Muda wake wa sekunde 20.06 ulidumu kama rekodi ya Australia kwa miaka 56, hadi Desemba 2024. Alipofariki Oktoba 2006, Smith na Carlos walisafiri hadi Australia na kulibeba jeneza lake. Bunge la Australia lilimwomba radhi mwaka wa 2012, miaka sita baada ya yeye kuzikwa.

Katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa 2007, Smith alisisitiza kwamba saluti ile ilikuwa ya haki za binadamu wote, wala si ya watu weusi peke yao. Kauli hiyo inaonyesha jambo moja kuhusu ishara: akishaitoa mtu, haimwi tena mikononi mwake, na kila mtazamaji huifasiri apendavyo.

Vidole viwili kutoka London hadi Kamukunji

Ishara ya vidole viwili vilivyoachana mfano wa herufi V ina tarehe ya kuzaliwa inayojulikana. Mnamo Januari 14, 1941, Ujerumani ikiwa imekalia nchi ya Ubelgiji, mwanasiasa wa Ubelgiji aliyekuwa uhamishoni, Victor de Laveleye, aliwahutubia wananchi wenzake kupitia redio ya BBC kutoka London. Aliwasihi waichore herufi V kila mahali. Herufi hiyo huanza neno la Kifaransa lenye maana ya ushindi na pia neno la Kiflemi lenye maana ya uhuru, kwa hivyo iliwaunganisha wasemaji wa lugha kuu mbili za nchi hiyo. Punde si punde kuta za miji iliyokaliwa zilijaa herufi hiyo, na Waziri Mkuu wa Uingereza, Winston Churchill, akaigeuza kuwa ishara ya vidole. Katika miaka ya 1960 vijana wa Marekani waliopinga vita vya Vietnam waliichukua na kuifanya ishara ya amani, na katika miaka ya 1980 wafanyakazi wa Poland waliitumia kuupinga utawala wa Kikomunisti.

Humu nchini, ishara hiyo ilipata maana mpya kabisa. Tangu Juni 1982, Kifungu cha 2A cha Katiba kiliifanya KANU kuwa chama cha pekee kilichoruhusiwa kisheria. Wafuasi wake waliinua kidole kimoja: chama kimoja, kiongozi mmoja. Kwa hivyo mtu aliyetaka mfumo wa vyama vingi hakuhitaji kutoa hotuba. Alihitaji kuongeza kidole kimoja tu.

Mnamo Mei 1990, waliokuwa mawaziri, Kenneth Matiba na Charles Rubia, walijitokeza hadharani kudai vyama vingi, na wakaitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji jijini Nairobi, Julai 7 mwaka huo. Serikali ya Rais Daniel arap Moi iliupiga marufuku mkutano huo na kuwatia kizuizini wawili hao siku tatu kabla. Wananchi walifika hata hivyo, na ghasia za Saba Saba zikazuka Nairobi na katika miji mingine. Serikali yenyewe ilikiri kwamba watu wapatao 20 walipoteza maisha. Katika mitaa, vidole viwili vilivyoinuliwa vikawa salamu ya waliochoshwa na utawala wa chama kimoja, na kuvionyesha mbele ya polisi kulikuwa sawa na kumchokoza nyuki mzingani.

Agosti 1991, wazee wakiongozwa na Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro na Martin Shikuku waliunda vuguvugu la FORD, na vidole viwili vikawa saluti yake. Desemba mwaka huo Kifungu cha 2A kilifutwa. Vuguvugu hilo lilipoandaa mkutano wake mkubwa halali katika uwanja uo huo wa Kamukunji Januari 1992, umati ulioinua vidole viwili haungehesabika, na hakuna aliyekamatwa kwa kufanya hivyo. Kile kilichokuwa kosa mwaka mmoja na nusu kabla kilikuwa sasa kampeni ya kawaida.

Katika nchi jirani ya Tanzania, vidole viwili ni saluti ya chama cha upinzani cha CHADEMA. Nchini Uganda, wafuasi wa chama tawala cha NRM huinua kidole gumba, wale wa FDC wakatumia vidole viwili, na vijana wanaomfuata mwanamuziki Robert Kyagulanyi, anayejulikana zaidi kama Bobi Wine, wakachagua ngumi. Hivyo basi, dereva wa bodaboda jijini Kampala aweza kutangaza msimamo wake wa kisiasa bila kupunguza mwendo, na bila kufungua kinywa.

Ngumi dhidi ya kiganja

Je, upinzani hufanya nini iwapo ngumi imekwisha kutwaliwa na serikali? Zimbabwe inatoa jibu. Chama cha ZANU-PF cha Robert Mugabe kiliingia mamlakani 1980 kikiwa na ngumi kama ishara ya vita vya ukombozi. Chama cha MDC kilipoundwa 1999 chini ya uongozi wa Morgan Tsvangirai, kilichagua kiganja kilicho wazi. Wafuasi wake walikipunga huku wakidai mabadiliko. Ishara hizo mbili zilipingana kwa umbo na kwa maana: moja ilisema nguvu, ya pili ikasema uwazi. Katika misimu ya uchaguzi iliyojaa umwagaji damu, hasa mwaka wa 2008, kutambulikana kuwa mfuasi wa MDC kuliweza kumgharimu mtu nyumba yake au maisha yake.

Tofauti kama hiyo iliwahi kuonekana Afrika Kusini, ambako katika miaka ya 1950 wafuasi wa chama cha ANC walisalimiana kwa ngumi yenye kidole gumba kilichosimama, nao wa PAC, kilichojitenga nao 1959, wakainua kiganja wazi.

Vidole vinne vya Cairo

Nchini Misri, mnamo Agosti 14, 2013, vikosi vya usalama viliwavamia wafuasi wa Rais Mohamed Morsi aliyekuwa amepinduliwa na jeshi mwezi uliotangulia. Walikuwa wamepiga kambi katika medani ya Rabaa al-Adawiya jijini Cairo. Human Rights Watch ilisema baadaye kwamba watu wasiopungua 817 waliuawa katika medani hiyo siku moja.

Medani hiyo na msikiti wake vimepewa jina la Bi Rabia, mcha Mungu mashuhuri wa mji wa Basra aliyeishi katika karne ya nane. Jina hilo si geni katika mwambao wa Afrika Mashariki, na kwa Kiarabu lina maana ya "wa nne". Ndipo waombolezaji wakaanza kuinua vidole vinne, kidole gumba kikiwa kimekunjwa kiganjani. Ishara hiyo ilichorwa kwa rangi nyeusi juu ya manjano na kusambaa kupitia mitandao ya kijamii, na Recep Tayyip Erdoğan wa Uturuki akaitumia mara kwa mara katika hotuba zake.

Wakuu wa Misri hawakuvumilia. Novemba 2013, mshambuliaji wa klabu ya Al Ahly, Ahmed Abdel Zaher, alifunga bao katika fainali ya Klabu Bingwa Afrika dhidi ya Orlando Pirates ya Afrika Kusini na kuinua vidole vinne. Timu yake ilitwaa kombe, lakini yeye aliambulia kusimamishwa na klabu hiyo.

Vidole vitatu kutoka filamuni

Si ishara zote huzaliwa vitani. Ile ya vidole vitatu ilitoka katika hadithi ya kubuni ya mwandishi Mmarekani Suzanne Collins iliyochapishwa 2008 na kugeuzwa filamu 2012, kuhusu wananchi wanaoasi utawala katili. Vidole vitatu vya katikati hushikamanishwa na kuinuliwa, huku kidole gumba kikikibana kile cha mwisho. Umbo hilo linafanana na saluti ya maskauti, ambao mwasisi wao, Baden-Powell, amezikwa Nyeri, lakini maana yake ni tofauti kabisa.

Jeshi lilipotwaa mamlaka nchini Thailand Mei 22, 2014 na kupiga marufuku mikusanyiko, wananchi walianza kuinua vidole vitatu. Novemba mwaka huo wanafunzi watano walikamatwa baada ya kusimama na kumwonyesha Waziri Mkuu Prayut Chan-o-cha ishara hiyo alipokuwa akihutubia katika mji wa Khon Kaen. Mnamo 2020 wanafunzi wa shule za upili waliionyesha wakati wa kuimbwa kwa wimbo wa taifa. Mwaka uliofuata, jeshi la Myanmar lilipopindua serikali Februari 1, 2021, madaktari na wauguzi wa nchi hiyo walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuiiga. Februari 26, balozi wa Myanmar katika Umoja wa Mataifa, Kyaw Moe Tun, alimaliza hotuba yake mbele ya Baraza Kuu kwa kuinua vidole vitatu. Kesho yake jeshi lilitangaza kumfuta kazi.

Wakongomani na bunduki ya vidole

Februari 7, 2024, timu ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa ikijiandaa kuchuana na wenyeji Cote d'Ivoire katika nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika jijini Abidjan. Wimbo wao wa taifa ulipopigwa, wachezaji walifunika vinywa vyao kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kwenye kipaji mfano wa bastola. Kocha wao alifanya vivyo hivyo.

Ujumbe wao ulihusu mashariki mwa nchi hiyo, katika majimbo ya Kivu ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya kanisa, na ambako mamilioni ya watu wametoroka makwao kwa sababu ya vita. Mkono wa kwanza ulisema kwamba dunia imenyamaza. Wa pili ukasema kwa nini haifai kunyamaza. Kongo ilishindwa kwa bao 1-0, lakini watu wengi walioitazama mechi hiyo walikumbuka dakika zile za wimbo kuliko bao lenyewe.

Anayekataa kuinua mkono

Wakati mwingine upinzani ni kutotoa ishara inayotakiwa. Katika picha iliyopigwa Juni 1936 kwenye kiwanda cha meli jijini Hamburg, Ujerumani, umati wa wafanyakazi umenyoosha mikono kwa saluti ya Kinazi. Katikati yao mtu mmoja amesimama, mikono ameifumbata kifuani. Familia mbili tofauti zimedai kwamba mtu huyo ni jamaa yao, na suala hilo halijakatwa. Lakini hata bila jina lake, mikono yake iliyotulia inasema mengi kuliko mamia iliyonyooshwa.

Kwa nini watawala huogopa vidole?

Serikali yenye bunduki, magereza na redio ina haja gani ya kuhofia vidole viwili au vitatu? Jibu ni kwamba utawala wa kiimla hutegemea sana kila mwananchi kudhani kuwa yeye peke yake ndiye asiyeridhika. Waswahili husema mkono usioweza kuukata ubusu. Wengi hubusu kwa sababu wanaona wenzao wakibusu. Siku ambayo mmoja anainua vidole na kuona wa jirani yake vimeinuka, na wa jirani wa jirani, hofu huanza kubadili upande. Hicho ndicho kilichotokea Kamukunji.

Fauka ya hayo, ishara humweka mtawala katika njia panda. Akiipuuza, itaenea. Akiwakamata walioitoa, ataonekana kichekesho mbele ya ulimwengu kwa kuogopa kidole, na ataipa ishara hiyo umaarufu zaidi.

Hata hivyo, ishara ina udhaifu wake. Haiwezi kueleza sera wala kujadiliana. Wenye mamlaka wanaweza kuiteka, kama Wajerumani walivyojaribu mwaka wa 1941 kwa kutundika herufi V kubwa kwenye mnara wa Eiffel jijini Paris wakidai ni ya ushindi wao. Vilevile waliounganishwa na ishara moja hutengana mara adui wao anapolegea. FORD iligawanyika kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992, na Moi akashinda dhidi ya wapinzani waliokuwa jana tu wakiinua vidole viwili pamoja.

Katika michezo, sheria bado ni kali. Kanuni ya 50 ya Mkataba wa Olimpiki inakataza maonyesho ya kisiasa. Ililegezwa kidogo mwaka wa 2021 kuruhusu wanariadha kutoa maoni yao kabla ya mashindano, lakini si jukwaani. Mwaka huo huo jijini Tokyo, Mmarekani Raven Saunders, aliyepata nishani ya fedha katika kurusha tufe, alipishanisha mikono juu ya kichwa kwa niaba ya wote wanaokandamizwa. Uchunguzi ulioanzishwa ulisimamishwa baada ya mamake mwanariadha huyo kufariki siku chache baadaye.

Humu nchini, Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha. Vijana waliojaa barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha waliinua ngumi, bendera na mikono mitupu kuonyesha kwamba hawakubeba silaha. Rais William Ruto aliuondoa mswada huo Juni 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia katika majengo ya Bunge, lakini makumi ya watu walikuwa wamepigwa risasi na kufa. Na Julai 7, 2025, Saba Saba ilipotimiza miaka 35, polisi walifunga barabara za kuingia katikati mwa jiji la Nairobi.

Naye Lilesa? Alirejea Ethiopia Oktoba 2018, miezi sita baada ya Abiy Ahmed kuingia mamlakani, akapokewa kwa shangwe katika uwanja wa ndege wa Addis Ababa. Mikono iliyokuwa imepishana kule Rio iliachana ili kuwakumbatia jamaa zake. Lakini machafuko ya Oromia hayakukoma. Mwanamuziki Hachalu Hundessa, ambaye nyimbo zake ziliwatia moyo waandamanaji wa Oromo, aliuawa kwa kupigwa risasi Juni 2020, na zaidi ya watu 200 wakafa katika ghasia zilizofuata. Mkono mmoja ulioinuliwa uliweza kuufikisha ujumbe wa Waoromo duniani kwa sekunde chache. Kuleta haki yenyewe ni kazi ya mikono mingi, na ya miaka mingi.